Gia Kubwa ya Marehemu Baba

Magwagwa, Alhamisi, Mei 1996

Laiti ningeiacha gia ndogo ya mbele kwenye baiskeli yangu ya springi! Niliing'oa, nikafunga ile kubwa ya baiskeli ya marehemu baba, eti ipate nguvu mlimani.

Leo nikaijaribu. Nilifunga mkungu wa ndizi mbivu kwenye keria, pale atakapoketi mke wangu Kerubo uchungu wa kuzaa ukianza. Mvua hizi, gari halifiki huku. Kila nikikanyaga pedeli, mkungu uliruka.

"Cheni sasa inapita juu sana," fundi wa baiskeli akaniambia. "Ukikanyaga inavuta gurudumu, springi ya nyuma inabonyea." Gia ndogo hana, na yangu ilivunjika nikiing'oa.

Ee Mungu, nitambeba na nini hadi hospitali?

Nyumbani Kerubo alizitazama ndizi zilivyopondeka, akashika tumbo.

"Baba Moraa, na mimi ndio nitakaa hapo?"