Kimbia, Maziwa Isijue

Neema mujukuu wangu,

Hapa Masisi tuko salama, na ile ng'ombe ya mama yako imezaa. Uliposema kwa telefone kama goti yako uliyoumiza mu mbio haikuvunjika, nilikaa chini nikamushukuru Mungu.

Unauliza namna gani ningali nakimbia na uzee huu. Zamani tulikuwa tunateremusha maziwa mu bido, yale madumu ya plastiki, mugongoni mpaka soko ya Sake. Wenye mbio kali walifika wa kwanza, lakini maziwa yao ilikuwa imetikisika sana, imeanza kuwa siagi, na wateja wanaikataa. Mama alikuwa ananiambia: "Kimbia, lakini maziwa isijue."

Bido niliiacha zamani, lakini hata leo asubuhi nilikimbia kama iko mugongoni. Wewe, maziwa yako njo ile goti.

Isijue.

Koko yako