Mama Shani, Mlango Sasa Unapanda Wenyewe

Mama Shani, mtani wangu,

Leo nimetengeneza shokapu za mlango wa nyuma wa gari. Nimeona nikwambie mwenyewe kabla hujasikia kwa wambea, maana nakujua, huko uliko umeshapata wa kupiga naye soga na habari zote za Chang'ombe zinakufikia.

Usinune. Najua ungesema nini. Ungesema, "Wewe Mzaramo wewe, kaburi langu hata nyasi halijaota, ushaniachisha kazi!" Haya, nimekuachisha kazi. Na tangu mchana nalia, macho yamevimba mpaka Fadhili mwanangu ameniuliza kama nimeng'atwa na nyuki. Nikaona bora nikae nikuandikie.

Siku ya msiba wako sikulia. Sijui kama uliniona. Wenzangu wanagaragara pale uani kwenu Tandika, mie nimevaa lile dera lako la zambarau, linaniburura mpaka kwenye matope, natembea kama wewe. Shingo juu, mkono mmoja umeinua mlango wa gari ambao haupo, mkono wa pili unapakua wali, mdomo unafokea wateja: "Kaka, nyama ni moja! Ukitaka ya pili kaoe!" Watu walicheka, Mama Shani. Mama yako, aliyetoka Tabora na basi bila kutia kitu mdomoni njia nzima, alicheka mpaka akajishika ubavu. Jeneza lilipotaka kutoka nikalizuia mlangoni. Nikawaambia ndugu zako hizi mbao zinatosha kuzika watu wawili, nyie Wanyamwezi urefu wote huu mnaupeleka wapi, na hatoki mtu hapa mpaka mtani apewe chake. Wakanipa kuku. Ndiyo kazi ya mtani msibani, na niliifanya vizuri, hata wewe ungekubali. Lakini mtani akishawachekesha wafiwa, yeye analia saa ngapi? Hilo hakuna aliyenifundisha.

Nikarudi nyumbani na kuku wangu, macho makavu.

Unakumbuka ulichoniambia wodini? Hukusema habari za Shani, wala za mama yako, wala za presha iliyokulaza pale. Ulinishika mkono ukasema, "Kijiwe, Mama Fadhili. Usiache kijiwe." Nikakwambia usinichoshe, utakuja kukilinda mwenyewe. Nilijua unachoogopa. Pale nje ya geti la kiwanda hatukupewa karatasi na mtu yeyote. Tulipapata kwa kuwahi kila siku, tunaegesha Noah yetu, tunafungua buti, masufuria yamejaa humo ndani, na ule mlango ukiwa juu ndio paa letu la jua na mvua. Ukikosekana siku chache tu, mwingine anapanga meza yake. Na Shani anasoma kwa kijiwe kile kile.

Basi matanga yalipoanuliwa tu nikaamka alfajiri, nikapika, nikaenda. Nimefika, nimeegesha, nimezunguka nyuma kufungua buti. Ndipo nikakumbuka kwamba mie peke yangu siwezi kulifungua.

Kosa letu hilo, mtani. Siku ile tunanunua gari yule dalali alitufungulia buti, mlango ukapanda, ukasita, ukaanza kushuka taratibu kama mzee anayesinzia kanisani. Akasema ishu ndogo hiyo, ni zile shokapu, vile vyuma viwili vya pembeni vinavyoshikilia mlango, gesi imeisha. Tukasema tutatengeneza. Tungetengeneza ya nini, na wewe upo? Uliinua mlango kwa mkono mmoja huku unaongea na simu, mie nikipenya chini ya kwapa lako na mpini wa jembe, nautegesha. Wateja walikuwa wanatucheka. Yule kijana wa bodaboda alituitaga twiga na kanga wake, ukamnyima mchuzi wiki nzima.

Sasa twiga hayupo, kanga amebaki na mpini wake. Siku hiyo ya kwanza niliuinua mlango kwa kichwa, nikawa natafuta mpini kwa mguu, mlango ukaniangukia begani na sufuria la maharage likamwagika lote. Nikaanza kuomba watu. Leo dereva wa bodaboda, kesho mlinzi wa getini, keshokutwa mteja mwenye haraka zake. Wanashika, ndiyo, lakini wanashika huku wanaangalia saa. Siku nyingine namkosa mtu, nauzia mlango wa ubavuni, foleni haisogei, king'ora cha kiwanda kinalia watu hawajala. Wateja wakaanza kupungua. Mama mmoja wa chapati na mwavuli wake mkubwa akawa kila nikifika namkuta amesogea upande wetu kidogo. Hana ubaya, ananisalimia vizuri tu, ila anasogea.

Kila mtu aliniambia nikatengeneze. Fundi yuko mtaa wa pili, tumempita miaka yote tunampungia mkono. Nikasema nitaenda. Nikawa siendi. Kusema kweli, nilikuwa naona nikizitengeneza zile shokapu maana yake nimekubali kwamba huji tena. Nikiuona ule mlango unaanguka nasikia uchungu, lakini ni uchungu wenye jina lako, sikutaka kuupeleka kwa fundi. Unaniona mjinga? Cheka tu.

Aliyenipeleka ni Shani. Shule imefungwa, jana akaja kunisaidia, amevaa aproni yako. Amekuwa mrefu huyo mtoto, anakufuata wewe. Ameinama anapakua wali, mpini ukateleza, mlango ukashuka wote kwa kishindo ukapita hapa, Mama Shani, hapa kwenye sikio lake. Ulipiga sinia likakunjika. Yeye akasema, "Sijaumia, mama mdogo," akaendelea kupakua. Mie nikakaa chini kwenye lami. Ningekwenda kukwambia nini wewe? Kwamba nimekutunzia nafasi yako mpaka nikamuua mtoto wako?

Leo alfajiri sikupika kwanza. Nilimkuta fundi anapiga mswaki. Akazifungua zile shokapu, akazisukuma kwa kiganja zikaingia kama sindano ya hospitali, hazikurudi. "Mama, hizi zilishakufa kitambo," akasema. "Mlikuwa mnafunguaje buti?" Nikamwonyesha mpini. Akabadilisha mipira ya ndani, akatia oili, akajaza gesi upya, halafu akasema ameniongezea kidogo maana mlango wenyewe mzito. Akanirudishia, akaniambia nijaribu.

Nikabonyeza kitasa, nikatanguliza kichwa kama nilivyozoea. Mlango ukanichomoka mkononi. Ukapanda wenyewe, fyuuu, mpaka juu, ukasimama kimya. Mie bado nimeinua mikono, sishiki kitu. Fundi anafurahi, anapiga makofi, anadhani nashangaa kazi yake. Niliuchukia ule mlango, mtani. Niliuangalia umekaa pale juu hauhitaji mtu, nikatamani niupige teke.

Fundi akaushusha, nikarudi nyumbani, nikapika mbio mbio, nikapakia kwa mlango wa ubavuni, nikaenda kijiweni. Nimefungua peke yangu. Nimeuza peke yangu. Foleni ilikwenda, walikuja hata wale waliokuwa wamehamia ng'ambo ya barabara, na ukoko wakauomba. Mama wa mwavuli akaja kununua wali, akautazama mlango wetu umesimama bila mpini, na alipomaliza kula akaurudisha mwavuli wake kule ulikokuwa zamani. Hakuna aliyemwambia. Nilifurahi, nikasema moyoni, kijiwe kimepona.

Nikafunika masufuria, nikafuta mikono, nikasimama nyuma ya gari mgongo nimeugeuzia barabara, nikasema kwa sauti, "Mama Shani, shusha twende."

Nikasubiri, Wallahi tena. Nimesimama na kitambaa mkononi, nasubiri urefushe mkono wako ushushe mlango, maana mie siufikii, uko juu kule. Hata nikawa nakereka kwamba unachelewa.

Halafu nikasikia nilichokisema.

Nikalia pale pale, mtani wangu. Getini, mchana kweupe, mbele ya watu wanaotoka zamu. Kilio cha wodini, na chote cha siku ile ya msiba nilipokuvalia dera lako nikawachekesha watu, vyote vilitoka kwa pamoja, nikashikilia bampa kama mtu anayetapika. Yule mlinzi akaacha geti lake akaja mbio. "Pole mama, umeumia wapi?" Nikashindwa kumwonyesha. Akaniangalia, akaangalia mlango, akanyoosha mkono akaushusha polepole, akarudi zake getini bila kuniuliza tena.

Basi ndiyo hayo. Kijiwe kipo, na nakuahidi kitakuwepo. Shani atasoma mpaka aseme mwenyewe basi, na fungu lenu la mauzo mama yako, aliyebaki Tandika na Shani, analipokea mkononi kama ulivyokuwa unalipokea wewe. Mpini wa jembe nimempa fundi, sikutaka kuuona.

Pumzika sasa, Mama Shani. Umeshikilia ule mlango miaka mingi, mkono umechoka. Mungu akulaze pema, na akupe na kitanda kirefu.

Fundi amesema anaweza kunifungia kamba niwe naushusha mwenyewe. Nitafunga, ila si wiki hii. Wiki hii nimemuomba yule mlinzi anishushie. Nimemuuliza jina lake, anaitwa Bakari. Kesho nikimaliza kuuza, nitajitahidi nimwite yeye.

Mtani wako,
Mama Fadhili