Mboga za Mwezi wa Nane

Karama, Dubai, Jumatano, baada ya zamu

Adela,

Nimekukasirikia. Naanza na hilo kwa sababu sisi wawili tuliahidiana kuambiana kweli, na kwa sababu kila aliyekujua amekwisha kukuandikia upumzike kwa amani, na picha ya mshumaa juu yake. Mimi sikuandika. Nakato aliniuliza mbona niko kimya kwenye kundi la simu la chumba chetu. Nikamwambia nina maneno yangu mwenyewe, na bado yanachemka.

Nakato yuko palepale kitanda cha juu, na bado anavaa sare yake ya ulinzi kwanza ndipo anywe chai, ili chai ipate pa kumwagikia. Kitanda chako cha dirishani amepewa dada mmoja Mfilipino, mpole, anayelala na vidude vya muziki masikioni. Walitaka kulitupa pazia lako la maua ya zambarau. Nimelichukua, nikalifua, nikalitundika kitandani kwangu juu ya langu. Sasa nina mapazia mawili na joto la watu wawili. Hotelini bado niko chumba cha mashuka, kule chini kusiko na dirisha.

Habari zilipofika niliomba siku nne nije Muheza kukuzika. Madam wa idara akaniuliza kama wewe ni ndugu yangu wa damu. Nikasema ni rafiki. Khalas, akafunga faili. Ungekuwa wewe ungesema dada, tena pacha, tena tulinyonya ziwa moja, na ungeondoka na tende zake za kula njiani. Mimi nikasema kweli, na saa waliyokuteremsha nilikuwa nakunja foronya. Unajua nilichoandika kwenye shajara siku hiyo? "Foronya zimepungua tena. Joto." Basi. Mimi ninayeandika mpaka siku bomba la jikoni lilipoziba, siku ile kalamu ilikataa kukutaja.

Lakini hasira yangu si ya madam.

Ulipotuaga kwenda Vientiane kufundisha watoto wadogo Kiingereza, nilikucheka. Mji mkuu gani huo ambao hata dereva wa teksi wa hapa, aliyesafirisha mataifa yote, alikuomba umtajie mara mbili? Ukasema nikupe sharti lolote, utalitimiza. Nikakupa moja: kila siku nikitoka zamu, nitumie kwa sauti jambo moja la mji huo. Moja tu, dogo kama punje, lakini la kweli. Nami nitaliandika. Ukasema, "Sawa, karani."

Na uliweza, Adela. Saa kumi na moja jioni nakaa kwenye basi la kampuni, honi za Dubai zinanipasua kichwa, nabonyeza simu na wewe unaanza kunong'ona, kwa sababu kwako ni saa mbili usiku na mtaa mzima umekwisha kufunga milango. Siku ya kwanza ulisema hujasikia honi hata moja tangu uwanja wa ndege, ukadhani masikio yako yameziba kwa ndege. Siku ya tatu uliingia ofisi ya shule na viatu miguuni. Hakuna aliyekukanya. Walitazama tu miguu yako, wote, kwa upole, mpaka ukatoka mwenyewe. Ukaniambia watawa wa Kibudha wanapita alfajiri peku, mstari mmoja, na bibi wa jirani anapiga magoti kando ya barabara na kikapu cha wali wa kunata, akimtilia kila mmoja tonge bakulini bila neno. Ukaniambia habari za mama wa mkate mrefu, anayelala mchana nyuma ya kigari chake, na wateja wanasimama kumsubiri aamke kuliko kumgusa bega. Ukanifundisha wanavyosema jambo likiharibika: bo pen nyang. Haidhuru. Nakato alilishika hilo, akawa analisema kila akichoma chapati zetu.

Na mto. Niliyaandika yote ya mto. Mwezi wa pili: maji ya Mekong yamerudi nyuma, watu wamelima mboga mchangani, na dada yake mama wa mkate amekuuzia majani ya kitunguu yenye umande. Mwezi wa sita: mvua, mto umepanda, bustani yote imezama, na yule dada amesimama ukingoni anacheka. Bo pen nyang.

Wiki iliyopita Mwalimu Wafula, yule Mkenya aliyefundisha nawe shuleni, alinipigia kuuliza anwani ya kwenu, ana vitabu vyako. Akanipa pole. Kisha akasema, kama mtu anayetaja jambo tunalolijua sote, kwamba angalau mateso yamekwisha, maana figo zilipokuangusha mwanzoni mwa mwezi wa saba hukutoka tena hata mlangoni mpaka mwisho.

Mwezi wa saba. Ulikufa mwishoni mwa mwezi wa tisa. Mimi niliambiwa uliugua siku tatu.

Nilimshukuru kwa heshima. Kisha nikafunga mapazia yangu mawili nikafungua shajara. Tarehe kumi na tisa mwezi wa nane, kwa mwandiko wangu mzuri: "A. amenunua majani ya kitunguu kwa yule dada wa mchangani. Yana umande." Mchanga upi, Adela? Mchanga ulikuwa chini ya maji. Nikarudi nyuma kurasa, nikakuta mwezi wa pili, maneno yaleyale, umande uleule. Nikaendelea. Watawa wa mwezi wa saba ni watawa wa mwezi wa tatu. Mtoto aliyekuita "twiga" mwezi wa nane alikwisha kukuita twiga mwezi wa nne. Ulilala kitandani ukanipimia siku zako za zamani kama mtu anayepasha moto chakula cha jana, na mimi nikala, nikasifu, nikaandika tarehe.

Hotelini shuka moja likipungua najua kabla ya chai ya saa nne. Lakini bustani nzima iliota katikati ya mafuriko na sikuona. Ninajikasirikia kwa hilo. Lakini nakukasirikia wewe zaidi, kwa sababu ulijua sitarudi nyuma kuangalia. Ulijua nakuamini.

Utauliza ningefanya nini. Sijui! Ningekutukana. Ningekaa kwenye simu bila kusema, wewe na kitanda chako, mimi na changu, tusikilizane tunavyopumua. Hata hilo ulininyima, ukanipa vitunguu.

Na sasa kuna Mama yako. Tangu mazishi ananipigia kila Ijumaa nikiwa mapumziko. Anasema, "Mwajuma mwanangu, nisomee." Namsomea shajara, tarehe kwa tarehe. Ijumaa iliyopita tulimaliza mwezi wa sita, yule dada akicheka ukingoni, na Mama akacheka naye. Keshokutwa tunafika mwezi wa saba. Nimsomee mama aliyekuzaa uongo kwa sauti yangu? Au nimwambie kwamba mwanawe alilala miezi mitatu ugenini, na hakuna wa kwetu aliyejua? Umeniachia mimi hilo. Mimi ambaye hata kwa madam sikuweza kusema dada.

Siwezi kuandika zaidi leo.

Ijumaa

Amepiga. Nilimwamkia, akaitika, akaniuliza hali ya Nakato. Kidole changu kilikuwa juu ya ukurasa. Nikamwambia kuna neno kabla hatujasoma. Nikamwambia yote, vibaya, kwa kukatakata: Mwalimu Wafula, figo, mlango, mchanga. Nilipomaliza nilimsikia akifukuza kuku wake.

Kisha akasema, "Najua, mwanangu. Alinikataza nisikuambie."

Alijua tangu wiki ya kwanza, Adela. Ulimpigia ukalia, ukamwapisha. Nilisahau adabu. Nilimwuliza mama wa watu, kwa sauti iliyomfanya dada Mfilipino atoe vidude vyake masikioni, kwa nini mimi, kwa nini mimi tu. Akanijibu polepole, kama anayebeba neno na kuhofia kulimwaga:

"Alisema, Mwajuma akishaliandika, litakuwa kweli."

Nilikaa chini, sakafuni, kati ya vitanda. Nikamwuliza, sasa mbona umeniacha nikusomee, ukijua yanayokuja? Akasema kwake yeye, mwezi wa saba, wa nane na wa tisa, wewe ulikuwa unalia kwenye simu na kuomba maji. "Kwenye daftari lako anatembea," akasema. "Nisomee."

Nimemsomea. Nimesoma mpaka tarehe kumi na tisa, na nilipofika kwenye vitunguu nikamwambia, mama, hapa mchanga haukuwepo, hapa alidanganya. Akacheka mpaka akakohoa. Akasema ulipokuwa darasa la pili ulikuwa ukirudi na mtungi mtupu na kumweleza vizuri sana jinsi maji yalivyokuwa baridi.

Usidhani nimekusamehe. Umenifanya niogopwe kama mwandishi wa vyeti vya vifo. Ulikaa miezi mitatu ukiikimbia kalamu yangu, na kalamu yangu haikuwa na kosa lolote ila kukupenda kila siku saa kumi na moja. Kama uliogopa, ungesema "Mwaju, hili usiliandike." Nisingeliandika! Ni hilo tu lililohitajika. Ungenipa jambo moja la kweli na kunikataza kalamu.

Haya. Sitakwambia upumzike. Nakwambia kwaheri, na naahidi mawili. Mama nitamsomea mpaka ukurasa wa mwisho, siku za kweli na za uongo, na kila ya uongo nitaitaja kwa jina lake mbele yake. Na likizo yangu ya mwaka ikitoka, inshallah, naja Muheza. Nitavua viatu kabla sijafika kwenye kaburi lako kama walivyokufundisha kule, na nitakaa hapo nikukasirikie kwa karibu.

Jambo moja la leo. Nimeliandika sasa hivi kwenye shajara, kwa wino, pamoja na tarehe, kwa sababu kuna ukurasa niliouachia foronya na haikuwa haki:

"Adela amekufa."

Haya, kasirika na wewe.

Karani wako,
Mwajuma