Moteur ya Hervé

Djuma, usicheke kwanza, soma.

Leo kwenye course ya moto, mashindano ya pikipiki hapa Kasongo, Hervé amenishinda tena. Na Laura wangu, ambaye hata hajajua kama ni wangu, alipanda nyuma yake mbele ya macho yangu.

Roho iliniuma. Nikamwita arbitre, mwamuzi wetu papa Théophile, watu wote wanasikia: «Klasi yetu ni ya injini za cc 125. Ile moteur ya Hervé ni 150, ina nguvu kupita zetu. Ifunguliwe.»

Hervé akacheka. «Sawa, petit, mdogo wangu. Lakini sheria unaijua, mwenye kushitaki anafungua yake kwanza.»

Nikasema wafungue. Mimi mwenyewe, Djuma, nilisema wafungue.

Fundi akatoa piston yangu, akapima, akapima tena. «Kijana, hii yako ndiyo 150.»

Ile moto yangu, kaka yangu aliinunua Salamabila kwa muchimbaji mumoja, kumbe yule muchimbaji alikuwa amebadilisha moteur. Sikujua, nakuapia. Nani ataniamini?

Wakafungua ya Hervé. 125 safi kabisa.

Wamenitoa kwenye klasi mwaka muzima, lakini hiyo haiumi sana.

Laura alikuja karibu, akaniuliza polepole: «Kwa hiyo ulikuwa na 150, na bado alikupita?»