Kambare kwenye Tangi la Perege

Jumatatu, 1 Septemba

Kurudi na viti nikakuta suruali ya Mwenyekiti imelowa mpaka magotini. Ndoo mbili pembeni, tupu, zina ute wa kambare. Nikajua.

Asubuhi nililisha matangi yote mawili kama kila siku. Perege wakapanda, maji yakachemka kwa midomo yao. Halafu Kassimu, Mwenyekiti wa kikundi chetu, akanituma na guta langu la magurudumu matatu Mchikichini, nikafuate viti vya wageni. Mwenye viti huwa analeta mwenyewe. Sasa naelewa. Alitaka nisiwepo.

Wageni ni wa mradi. Ndio waliotupa matangi ya turubai, yako hapa uani kwa Bi Mwanaidi, Kariakoo katikati. Walitupa baada ya wavuvi wetu kusalimisha kokoro, ule wavu wa matundu madogo unaokomba mpaka vitoto vya samaki. Ulichomwa tunauona. Mzee Zuberi, nahodha wangu, aligeuka ukutani, mabega yanatikisika.

Perege wetu bado vidole tu. Mwenyekiti akaona aibu kuonyesha vidole. Akanunua kambare sita wazima, wakubwa, akawatia tangi kubwa. Wageni walipokaa akamchota mmoja kwa wavu, akamwinua juu. Makofi. Picha. Mgeni mmoja wa miwani akauliza hawa perege mbona wana ndevu. Mwenyekiti akajibu ni mbegu mpya. Watu wetu wamebana vicheko mpaka machozi.

Mimi sikucheka. Kwetu Ifakara mtoto mdogo anajua kambare anameza chochote kinachoingia mdomoni. Chura. Panya. Mwenzake. Hawa wa hapa ni watu wa bahari. Wanamjua jodari, wanamjua changu, upepo wanaujua. Kambare wanamjua kwenye chungu.

Nilimsogelea Mwenyekiti, nikamvuta mkono wa shati. Akasema, "Festo, wageni." Nikanyamaza.

Nimekasirika. Kwanza najikasirikia mimi.

Jumanne, 2 Septemba

Nimetoka kupakia mzigo wa vitambaa, nimekuta kambare wameshatolewa. Mwenyekiti anasema amewatoa wote. Bi Mwanaidi kawakaanga, tumekula uani sote. Watamu, siwezi kusema uongo.

Nimehesabu vichwa kwenye sinia. Vinne.

Nikauliza kwa sauti ndogo, wawili wako wapi. Mwenyekiti akasema kampelekea mkewe. Hakuniangalia akisema.

Ijumaa, 5 Septemba

Tangi dogo wanachemka. Tangi kubwa wanachelewa. Wanapanda wachache, wanadonoa, wanakimbia. Samaki mwenye njaa hakimbii chakula. Anakimbia kitu.

Ndani sioni. Maji ni ya kijani kama mchicha uliopondwa. Dada Neema, yule mtaalamu wa mradi, alitufundisha tusiyamwage, ukijani wenyewe ni chakula. Ndiye alinipa daftari hili niandike wamekula nini na maji yana rangi gani. Mbele naandika ya samaki. Nyuma naandika yangu. Nyuma hafungui mtu.

Leo mbele nimeandika: tangi kubwa, wamekula nusu. Nyuma naandika: kambare yumo.

Jumapili, 7 Septemba

Nimemwambia. Nilifanya mazoezi tangu asubuhi nikiwa kwenye guta, naongea peke yangu, watu wa Msimbazi wananishangaa. Nikafika, nikasema. Mwenyekiti, naona kambare wamebaki, tuwatafute.

Alikuwa na wanakikundi watano wanakunywa kahawa. Akacheka. Akasema, "Bwana Tope kawakumbuka ndugu zake."

Wakacheka wote. Hilo jina la Bwana Tope alinipa Mzee Zuberi siku ya kwanza naingia chomboni kwake, kwa sababu natoka bara kwenye mito. Akiniita yeye linanichekesha. Mwenyekiti akiniita nataka kumtia ndani ya tangi.

Maneno huwa yanakuja baada ya watu kuondoka. Sasa hivi ninayo mengi.

Jumanne, 9 Septemba

Nimemwona. Jua limetoka tu, nimekaa kwenye tofali bila kutikisika. Mdomo umepanda, mpana, ndevu mbili, ukavuta hewa, ukazama. Mara moja. Perege wa upande ule wote wakaruka.

Nikamwita Bi Mwanaidi. Masikini, kaacha vitumbua vyake jikoni, kaja kusimama na mimi. Kambare hakupanda tena. Vitumbua viwili vikaungua. Akanishika bega, akasema nipunguze mawazo, mwanangu, nitafute mchumba.

Alhamisi, 11 Septemba

Leo nimeitwa mwizi.

Hawakutumia neno hilo. Mwenyekiti kaitisha watu baada ya Alasiri, akasema samaki wanapungua. Kumbe na yeye anaona. Halafu akauliza nani analala uani. Nani ana guta. Nani kila siku anatoka na ndoo asubuhi na hakuna anayejua anaenda nazo wapi. Ndoo zile nabebea maji! Wote wanajua nabebea maji. Akasema yeye hamtaji mtu. Akasema tu akina mama wa kukaanga hapa mjini wanapenda perege wadogo wakavu, wanauzika haraka.

Kumi na mmoja wamekaa kwenye mkeka, hakuna aliyesema huyu tunamjua.

Mzee Zuberi naye kanyamaza. Miaka mitatu nimevuta wavu chini yake. Nimemwagia maji chomboni akiwa na homa. Homa yenyewe ilinipata na mimi, akanibeba mgongoni mpaka hospitali kule Upanga. Leo anaangalia vidole vya miguu yake.

Mwishoni ndio akasema. Akasema kama samaki wa tangi wameisha basi yeye kuna mtu anamjua ana kokoro, na Jumatatu anaingia baharini. Wakamkumbusha alitia dole gumba kwenye karatasi ya mradi. Akasema, "Watoto hawali karatasi."

Hicho ndicho kimenichoma kuliko kuitwa mwizi. Akirudi na kokoro watamkamata. Asipokamatwa atakomba vitoto vya samaki hadi visiwepo, na yeye anajua, yeye ndiye aliyenifundisha. Anarudi kwa sababu ya samaki wawili wenye ndevu na mtu mmoja mwenye aibu ya vidole.

Na kwa sababu yangu. Siku ya wageni nilijua.

Baadaye, bado Alhamisi. Mkutano mwingine umepangwa Jumamosi. Nimejaza mapipa yote matano maji ya bomba. Bi Mwanaidi kauliza ya nini. Nimesema ya kufulia.

Si ya kufulia. Maji ya bomba yana dawa, ukiwatia samaki siku hiyohiyo wanakufa. Yakae siku mbili wazi, dawa iondoke.

Ijumaa, 12 Septemba

Kazi toka asubuhi. Mabelo ya mitumba, mgongo umekufa. Jamaa wawili wa kwenye magenge ya sokoni wameniuliza eti perege bei gani. Maneno yameshatoka uani.

Nimelisha. Tangi kubwa hawajapanda hata kumi.

Mapipa yametulia. Nimeyafunika kwa vyandarua.

Jumamosi, 13 Septemba

Naandika kabla sijaoga.

Wamekaa. Mwenyekiti kaanza na dua, halafu kaanza na mimi. Nikasimama. Nilitaka kusema maneno niliyoyapanga, yakakwama yote. Nikaenda kwenye tangi kubwa nikafungua bomba la chini.

Maji yakatoka kwa nguvu, yakapita uani, yakapita chini ya mkeka, yakatoka mlangoni mpaka mtaroni. Watu wakanyanyua kanzu. Mwenyekiti akapiga kelele kwamba naharibu ushahidi. Akanishika shingo. Mzee Zuberi akamwambia amwache kijana, tuone sakafu. Ndiyo mara ya kwanza amefungua mdomo kwa ajili yangu.

Maji yalivyofika magotini nikaingia na wavu, nikawa natoa perege, natia kwenye mapipa. Waliosalia. Walijaza pipa moja na nusu tu. Bila kambare wangejaza mapipa yote matano.

Halafu tope. Tope likatikisika.

Wawili. Wamenenepa mpaka wanachekesha, matumbo kama vibuyu. Waliletwa wembamba kama mkono, sasa wanene kama paja la mtoto. Mmoja akanipiga mkia usoni, nikamkumbatia, nikatoka naye nimejaa tope mwili mzima. Bwana Tope kweli.

Nikawaweka mbele ya Bi Mwanaidi. Akaleta kisu na ubao, akampasua wa kwanza palepale. Wakatoka perege. Wengine bado wana magamba, wengine vichwa tu, wengine uji. Akawapanga kwenye ubao mmoja mmoja kama anapanga dagaa. Alipofika wa kumi na nne akaweka kisu chini.

Nasikia mpaka muuza maji anapita barabarani.

Mwenyekiti akasema hata yeye hakujua kama wanakula wenzao. Akasema ni ajali kazini.

Jumapili, 14 Septemba

Hakuna aliyesema samahani. Naandika ili nisije kusahau nikadhani walisema.

Wamekuja mmoja mmoja toka asubuhi. Wote wana swali lilelile. Festo, kwa nini hukusema mapema?

Nilisema. Jumapili iliyopita, hapohapo, mlikuwa na vikombe vya kahawa mkononi mkacheka. Nimewaandikia humu kwa sababu usoni sijaweza. Mtu asiye na sauti mnasema hajasema.

Mwenyekiti bado ni Mwenyekiti. Kura zilipigwa, watu wanaogopa kubadilisha kabla wa mradi hawajarudi. Wamepitisha kitu kimoja tu. Hakuna wa kutia chochote kwenye tangi, hata jani, bila mimi kujua.

Kwenye simu ya Bi Mwanaidi imefika picha toka kwa wale wageni. Mwenyekiti kamwinua kambare, anatabasamu. Chini wameandika wavuvi wadogo wanavuna perege. Nimeiangalia muda mrefu. Yule kambare wa kwenye picha ni mmoja kati ya wale wanne tuliokula au ni mmoja wa hawa. Nimetaka kujua. Ndevu zote zinafanana.

Na kesho Jumatatu.

Jumatatu, 15 Septemba

Nimeenda kwa Mzee Zuberi kabla hajatoka. Nimemkuta kakaa kizingitini na ndala mguu mmoja. Nikamsalimia shikamoo. Marahaba yake ikachelewa.

Nilikuwa na jambo moja tu la kusema, na nimelisema. Nimemwambia siku ya wageni nilijua. Nilijua kambare atakula, na nikanyamaza kwa sababu nilimwogopa Mwenyekiti. Nimemwambia kama anarudi kwenye kokoro, basi ajue na mimi nimo kwenye kosa, si Kassimu peke yake.

Akageuza ndala ya pili mkononi. Halafu akasema, "Na mimi nilijua wewe si mwizi."

Basi. Tukakaa. Sijui kama nimemsamehe. Bado nina hasira naye, iko hapa kifuani kama mwiba wa changu. Ila hakuvaa ndala ya pili, na baharini hakwenda.

Jumanne, 16 Septemba

Nimempigia Dada Neema. Mimi mwenyewe. Nimetumia simu ya Bi Mwanaidi, nimesimama chooni mlango umefungwa. Nimemweleza yote, viti, ndoo, ndevu, ubao. Nimemweleza na la kwangu.

Hakugomba. Afadhali angegomba. Akasema zile picha zimeshaenda kwa wakubwa. Akasema atawaandikia ukweli na hajui watafanyaje. Halafu akauliza tangi kubwa lina hali gani. Nikasema nimelisugua, nimelijaza, limeanza kushika ukijani. Akauliza nani alikwambia ufanye hivyo. Nikasema wewe, siku ya mafunzo, mimi nilikaa nyuma.

Akacheka kidogo. Akasema kuna vifaranga vya perege vimebaki kwenye mabwawa yao Morogoro. Si vingi. Mifuko miwili.

Alhamisi, 18 Septemba

Wamekula vizuri tangi dogo. Maji kijani. Tangi kubwa linasubiri.

Asubuhi imetulia. Bi Mwanaidi anachoma vitumbua, kanipa viwili bila kuongea. Mwenyekiti kapita, kachungulia tangi, mikono nyuma. Kauliza eti anaweza kutia pumba kidogo. Nimesema hapana. Nimesema tu hapana, haikuwa ngumu kama nilivyofikiri. Kaondoka.

Mzee Zuberi kakaa kwenye guta langu tangu saa moja, kavaa kofia yake ya safari. Ndala zote mbili. Kasema mfuko mmoja atapakata yeye, barabara zina mashimo, vifaranga ni kama mayai.

Naandika haraka. Basi la Morogoro linaingia saa nne, Dada Neema kamkabidhi kondakta vifaranga. Ile mifuko imejazwa hewa, ikafungwa, na hewa yake mwisho adhuhuri. Mzee ananiita, Bwana Tope, Bwana Tope. Lazima niondoke sasa, vifaranga havina hewa ya kunisubiri.