Picha ya Bibi Hilja na Ndoo za Maziwa

Thunder Bay,
9 Septemba 1986

Dada yangu mpendwa Kaarina,

Natumaini barua hii itawakuta wazima hapo Winnipeg, na kwamba baridi hii iliyowahi haijaliamsha goti la Bibi. Je, anakula? Bado anakulazimisha uwashe sauna kila Jumamosi hata ukiwa umechoka? Sisi hatujambo. Mama anakusalimu sana. Jikoni hapapitiki kwa mitungi ya jamu.

Najua Bibi ameshanunua tiketi ya basi ya kuja kwenye sherehe ya kufungua makumbusho tarehe ishirini. Ndiyo sababu naandika. Tafadhali soma barua hii peke yako kwanza.

Unakumbuka nilivyofurahi nilipomaliza shule, na Mwalimu Gilchrist akaniita nimsaidie kwenye Chama cha Historia. Ndiye mwalimu pekee ambaye hakuwahi kunicheka kwa kukaa kimya. Alinikabidhi kuandaa ukuta wa makumbusho wenye picha na majina ya watu na vyama vilivyojenga mji huu, na nikaomba Chama cha Maziwa cha Akina Mama kiwemo. Nilimsimulia yote: kwamba katika majira ya baridi ya 1934, maghala ya nafaka yalipofungwa na akina baba kukosa kazi, Bibi Hilja ndiye aliyewakusanya wanawake, wakavuta sleji juu ya theluji nyumba hadi nyumba kuwapelekea watoto maziwa. Mwalimu alitokwa na machozi. Akaniomba ile picha ya Bibi akiwa amesimama kati ya ndoo, aitoe nakala tu. Nilipokuja huko, Bibi aliitoa ukutani kwake, akaipangusa kwa aproni, akanikabidhi. Wewe ulikuwepo.

Shida ilianzia kwenye magazeti ya zamani. Unajua zamani hapa mwanamke aliyeolewa hakuandikwa kwa jina lake bali la mumewe. Kila mahali imeandikwa "Bi. Arvo Niemi alianzisha", "Bi. Arvo Niemi alihutubia". Hakuna Hilja hata mara moja. Na Babu Arvo alipomwacha Bibi mwaka 1937, akamwoa Edith kutoka Toronto, Edith naye akawa Bi. Arvo Niemi. Watu wakasahau, na sifa zote zikamhamia yeye.

Nilikwenda maktaba siku nne. Tangazo la msiba wa Edith lenyewe linasema alifika mji huu mwaka 1938. Nilimpelekea Mwalimu mbio. Alisoma, akakunja karatasi, akaniambia taratibu kwamba tayari alikuwa anajua. Alijua tangu Pasaka, Kaarina, kabla hata hajaniomba picha. Roy Niemi, mtoto wa Edith, ndiye anayetupatia jengo la makumbusho, na anataka mama yake awe ukutani. Nikamuuliza, sasa Bibi yangu? Akasema, "Mwanangu, Bi. Niemi ni Bi. Niemi. Usiniharibie sherehe kwa ugomvi wa wake wawili."

Roy alikuwepo siku hiyo. Kwa damu ni mjomba wetu, ingawa hajawahi kutuita wapwa. Nilipofungua mdomo alicheka, akamwambia Mwalimu, "Kumbe huyu anaongea! Mimi nilidhani ni kabati." Mwalimu naye akacheka. Hicho kicheko chake kiliniuma kuliko maneno ya Roy.

Wiki iliyopita kadi za mwaliko zilitoka. Mbele kuna picha ya Bibi. Uso wake, aproni yake, ndoo zake. Chini yake pameandikwa: Edith Niemi, Mwanzilishi.

Sasa nikwambie jambo ambalo hata Mama sijamwambia. Maneno hayo niliyapiga chapa mimi. Mwalimu aliweka karatasi mbele yangu, akanikumbusha kwamba ameniandikia barua ya kuniombea kazi maktaba, akasimama nyuma ya kiti changu. Nilimaliza mstari ule, akanigusa bega, akasema mimi ni mtoto mwema. Nilitamani vidole vyangu visiwe vyangu. Nimelia kwa kusalitiwa, na huku nikijua Bibi akiiona kadi hiyo, aliyemsaliti ni mimi.

Mwambie yote, usifiche kosa langu hata kidogo. Kama ataamua kubaki nyumbani, nitamrudishia picha yake kwa mikono yangu, maana niliichukua mezani kwa Mwalimu leo asubuhi bila kuomba.

Lakini kama bado atakuja, kuna hili. Kwenye sherehe mtu mmoja atapanda jukwaani kusoma majina ya ukutani. Mwalimu amenichagua mimi, kwa sababu, kama alivyomwambia Roy, mimi husoma kilichoandikwa tu. Nitasoma majina yote kama yalivyo hadi nifike la Chama cha Maziwa. Hapo nitainua picha na kusema Hilja. Kazi ya maktaba haitakuwepo tena, nimeshajua.

Msalimie Bibi kwa heshima zote, na uniombee msamaha kwake kabla hajauliza. Ukija naye, tafadhali mkalishe kiti cha mbele kabisa. Sauti yangu unaijua ilivyo ndogo.

Mdogo wako akupendaye,
Taimi