Sufuria ya Akina Bibi

Mama,

Ejok, nakusalimu kwa salamu yetu. Nakuandikia nikiwa nimekaa karibu na jiko lako, na usicheke, mikono yangu inanuka samaki. Mwanao Ewoi, aliyekuwa fundi pikipiki kule Lodwar, siku hizi ndiye anayewapikia akina bibi hapa Kakuma. Wanaume wenzangu wameshanipa jina. Sitaliandika. Unaujua mdomo wao.

Ulipotutoka niliogopa kwamba sufuria ile ingekufa nawe. Uliianzisha siku uliposema wazee wa kiume wana akiriket yao ya kukaa na kula nyama pamoja, lakini akina bibi wanaachiwa kukwangua masufuria. Ukawakusanya ng'ambo ya mto mkavu, mbali na nyumba zao. Mkala uji wa mtama na samaki mkavu aliyepondwa, mkatembea kidogo kabla jua halijawa kali, mkitaniana njia nzima. Sheria ilikuwa moja tu: chakula hicho hakivuki mto kurudi nyumbani. "Mjukuu ana mama yake," ulikuwa ukiwaambia. "Wewe una nani?"

Nimeirithi sheria, lakini sauti yako sina. Ulipokuwa ukikemea wewe, walinyamaza. Nikikemea mimi, wanacheka mpaka wanafuta machozi. Na Bibi Nakiru, rafiki yako tangu usichana, alikuwa anagusisha uji midomoni tu, halafu samaki wote wanaingia ndani ya shuka.

Baada ya mazishi yako alianza kukonda. Akaacha kutembea na wenzake. Ikafika akawa hawezi kusimama bila kushikwa, na watu wakasema ni uzee, mwacheni apumzike. Mimi nilikataa. Kuwapoteza nyote wawili mwaka mmoja, Mama, nisingeweza. Nikampeleka hospitali Lodwar. Muuguzi akampima presha, akatoa damu, mwisho akaniambia, "Huyu mama haumwi kitu. Ana njaa."

Njaa! Na mimi ndiye ninayempakulia.

Tulipokuwa tunarudi nikamuuliza. Akanijibu taratibu, "Ewoi, mtoto analia nyumbani. Mimi nitameza namna gani?"

Nilipomfikisha nyumbani nikamweleza mke wa mwanawe. Alishangaa kwamba sijui. "Mama yako alikuwa anapita hapa asubuhi na uji wa watoto," alisema. "Wakishiba, ndiyo anamchukua bibi."

Mama, miaka yote hiyo nilidhani ulikuwa unazunguka nyumba kwa nyumba kuwasalimia! Hukuwahi kujisifu, hata kwangu. Nilikaa chini palepale kwenye mchanga nikalia, na nilikuwa nalia kwa furaha ya kuwa mwanao.

Sasa naamka mapema. Watoto wanakula kwanza, na akina mama zao wanachangia mtama wanapoweza. Halafu navuka na akina bibi. Siku ya kwanza Bibi Nakiru alimaliza bakuli lake, akalitazama, akaninyooshea tena. Wenzake wakampigia vigelegele. Akaanza kusimama kwa fimbo, kisha kuzunguka boma, kisha kunigombeza kwamba samaki wangu wana chumvi nyingi. Kwa hilo la chumvi ana haki.

Asante, Mama. Asante kwa kila asubuhi ambayo sikuiona. Ulinilea mimi, kumbe ulikuwa unalea kijiji kizima, wadogo na wakongwe.

Jana Bibi Nakiru alikuja kaburini kwako. Hakuna aliyemleta. Nilimwona kwa mbali, nikajizuia nisimkimbilie. Aliinama mwenyewe, akaweka kipande cha tumbako juu ya mawe yako, akasema kwa sauti, "Ejok, rafiki yangu. Nimekuja na miguu yangu." Akainuka. Akarudi nyumbani, pole pole, bila kushikwa.

Pumzika, Mama, kazi yako ina mikono. Nakuahidi nitawapikia mpaka meno yangu mwenyewe yaishe, na siku hiyo nitaomba nafasi kati yao, hata kama mimi si bibi.

Mwanao,
Ewoi